Bosi Amekukatalia Wazo? Kaione Colossus

Juzi kijana mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Kaka, bosi kalitupa wazo langu mbele ya watu. Niache kazi?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Yamenipata hayo hayo.

Nilikuwa Uingereza kwa mafunzo ya mitambo ya simu. Ijumaa moja mkuu wangu aliusukuma mchoro wangu kando bila kuufungua. Mpaka leo naisikia ile karatasi ikiteleza mezani. Kesho yake nikapanda treni kutoka London Euston hadi Bletchley, chini ya saa moja.

Ushauri wa kwanza: kata tiketi mbili. Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ina vibanda vya mbao, mashine za siri za Wajerumani ziitwazo Enigma na ofisi ya mwanahisabati Alan Turing. Colossus, kompyuta ya kufumbua siri za vita hivyo, iko jirani, Jengo H, kwenye makumbusho ya kompyuta yenye tiketi yake na siku zake za kufungua. Mimi nilikata moja, ikabidi nirudi Jumapili.

Ile unayoiona imeundwa upya na Tony Sale na wenzake, maana za awali zilivunjwa baada ya vita. Inafanya kazi. Joto la vali, vifaa vya umeme vya kioo mfano wa balbu, linakufikia usoni, na utepe wa karatasi unakimbia herufi 5,000 kwa sekunde, ukisaka mpangilio wa magurudumu 12 ya mashine ya siri ya Lorenz ya Wajerumani.

Aliyeibuni, Tommy Flowers, alikuwa mtoto wa mwashi, mhandisi wa Posta. Alipotaka kutumia vali zaidi ya 1,500, wakubwa walisema zitaungua hovyo. Lakini yeye alizijua kwenye simu: vali huharibika kwa kuwashwa na kuzimwa, ukiiacha ikiwaka, hudumu. Akaijenga Dollis Hill, kituo cha utafiti cha Posta huko London, sehemu kwa pesa zake mwenyewe. Mapema 1944 ikawa kazini, na iliyofuata, ya vali 2,400, ikawa tayari Juni 1, siku tano kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa.

Nilisimama pale saa nzima, koo limenikaba. Niliporudi nyumbani nikauunda mtambo wangu kwa mshahara wangu, usiku baada ya usiku. Sasa unafanya kazi, na mkuu yule ameuona.

Kwa hiyo usiache kazi, mdogo wangu. Unda, wauone. Na usingoje viza: mwaka 1942 wafumbuaji wa Kiingereza walihamia Kilindini, wakayafumbua maandishi ya siri ya Wajapani ndani ya jengo la shule ya Allidina Visram. Vuka daraja la Nyali jioni moja, ukasimame pale.