Kihisi kilisoma 2.1, beringi ikavunjika

Swali: Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda kimoja hapa Lubumbashi. Mota yetu ya 75 kW inazungusha feni. Tuliibandikia kihisi cha mtetemo kwa sumaku, kikawa kinasoma kasi ya mtetemo ya 2.1 mm/s (milimita kwa sekunde) wiki hadi wiki, chini ya kikomo cha 2.8. Beringi ikavunjika ghafla. Wakubwa wanasema vihisi ni hasara. Niwajibu nini?

Jibu: Ndugu fundi, waombe wasiving'oe. Kikomo hicho cha 2.8 kinatoka ISO 10816-3, kiwango cha kimataifa cha mtetemo wa mashine (mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-3), kwa mashine za 15 hadi 300 kW zilizofungwa kwenye msingi mgumu, na mtetemo wake hupimwa kwa kawaida kati ya 10 na 1000 Hz (mitetemo kwa sekunde). Hapo mtaiona feni iliyoshika vumbi upande mmoja, mihimili isiyolingana, bolti zilizolegea. Beringi inayoanza kuharibika haionekani hapo mapema.

Mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wa 50 Hz huzunguka karibu mara 1480 kwa dakika, yaani kama 25 kwa sekunde. Ikiwa beringi ina gololi 9 na ringi ya nje imepata ufa, gololi huugonga ufa huo karibu mara 89 kila sekunde. Kila pigo ni dogo mno, lakini hufanya chuma kilie kwa maelfu ya Hz. Kipimo cha mm/s hakishtuki. Mchapuko, yaani jinsi kasi ya mtetemo inavyobadilika kwa haraka, unaopimwa kwa g (mchapuko wa kitu kinachoanguka), hupanda mapema zaidi. Basi someni vyote viwili, na mfuatilie mchapuko unavyopanda badala ya kungoja uvuke kikomo.

Sumaku nayo ina lawama. Ikikaa juu ya rangi au vumbi, mitetemo ya juu haifiki kwenye kihisi. Kwangueni rangi hadi chuma kionekane, karibu kabisa na beringi (kamwe si kwenye kifuniko cha feni ya mota), kisha kifungeni kwa skrubu. Na mpime mota ikiwa na mzigo uleule. Umeme ukikatika na kurudi, iacheni kwanza itulie.

Beringi iliyovunjika msiitupe. Ikateni muangalie njia ya gololi. Mkikuta mistari iliyopangana sawasawa kukata njia hiyo, umeme ulipita ndani yake, jambo la kawaida kwa mota inayoendeshwa na kibadilisha masafa, kifaa kinachobadilisha Hz za umeme ili kurekebisha kasi ya mota. Beringi mpya itakufa vilevile hadi mfunge brashi ya kupeleka umeme ardhini kwenye mhimili, au beringi yenye kizio kisichopitisha umeme.