Ada ya uanachama imeshalipwa, mwalimu, itumie

Kwa miaka sita nilikuwa mwalimu pekee wa Kiswahili katika shule moja ya kimataifa hapa Nairobi. Wenzangu wa hisabati walikuwa wanne, wakikwama wanaulizana. Mimi nilijiuliza na kujijibu mwenyewe. Miaka yote hiyo shule yetu ilikuwa mwanachama wa chama cha shule za kimataifa, ada inalipwa kila mwaka, na mimi sina habari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: nenda kwa mwalimu mkuu umuulize tuko kwenye vyama gani na tunapata nini huko. Usiogope, huo si utovu wa adabu. AISA, kwa mfano, ni chama cha shule za kimataifa barani Afrika, kilianzishwa mwaka 1969 na ofisi yake iko papa hapa Nairobi. Kazi yake ni kuandaa makongamano na mafunzo, na kuwakutanisha watu wa shule mbalimbali. Shida ni kwamba matangazo mengi hufika ofisi ya mkuu yakalala huko huko.

Mimi nilipata mwenzangu kwenye warsha. Alikuwa akifundisha Kiswahili cha wanaoanza katika mpango wa IB (International Baccalaureate, shirika la mtaala na mitihani ya kimataifa), kama mimi, shule yake ikiwa Lang'ata. Jumamosi moja tukakaa naye na rekodi za mitihani ya kuzungumza. Mtihani huo hausahihishwi na mgeni: wewe mwenyewe ndiwe unayemtahini mwanafunzi wako, unampa alama kati ya 30, halafu sampuli inapelekwa IB kukaguliwa. Tulisikiliza rekodi ya msichana wangu akieleza picha ya soko. Mimi nilikuwa nimempa 24. Mwenzangu akaandika 18.

Nilichukia. Tukairudia. Mara ya pili ndipo nikasikia: msichana anasema "watu wananunua..." ananyamaza, na sauti yangu inaingia haraka, "mboga, sivyo?" Dakika kumi nzima nilikuwa namdokeza maneno, kisha nikayahesabu maneno yangu kuwa yake. Miaka sita hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna mwingine shuleni aliyeweza kusikia.

Ndiyo maana nasema usingoje kongamano kubwa. Tafuta mwalimu mmoja wa somo lako shule nyingine, mbadilishane kazi tano tano, kila mmoja asahihishe bila kuona alama za mwenzake, kisha mkae mzungumze pale mlipotofautiana. Futeni majina ya watoto kwanza, na shule zote mbili ziwe zimekubali. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na sauti ya mtoto si kitu cha kurushiana kwenye simu.

Utaambiwa shule hizi ni washindani. Ni kweli, za Gigiri, Runda na Karen zinagombania wazazi walewale. Basi acha mambo ya karo na idadi ya wanafunzi kwa wakubwa, wewe zungumza kuhusu kazi ya darasani. Sijaona mkuu wa shule akikataa hilo akielezwa vizuri.

Lakini kuna jambo ambalo wakuu wenyewe hawana budi kushirikiana, nalo ni usalama wa watoto. Walimu wa shule za kimataifa huhama nchi hadi nchi, na mtu aliyemdhuru mtoto anaweza kuhama na barua nzuri mkononi. Shule moja peke yake haiwezi kumzuia. Ukiwa kwenye kamati ya ajira, dai shule alikotoka mwombaji ipigiwe simu, mkuu wake mwenyewe ndiye azungumze, na aulizwe waziwazi: mngemrudisha? Barua pekee haitoshi.

Na kongamano likija, omba shule ipeleke walimu wawili wa darasani pamoja na mkuu. Wawili wakirudi watakumbushana. Mmoja akirudi, madaftari ya kusahihisha yatamfunika kufikia Jumatano.

Sasa tuko watano, kutoka shule nne. Tunakutana mara moja kila muhula, na zamu inayofuata ni kwetu. Mwalimu wetu wa Kifaransa, naye yuko peke yake, ameomba aje akae nasi asikilize.