Wasomaji Wanauliza: Degu, Mboga na Majani ya Viungo

Barua kuhusu degu, mgugunaji mdogo wa kufugwa anayefanana na panya, zimetufikia nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kumwondolea mnyama huyu chakula cha paketi na kumlisha mboga na majani kama alivyoumbwa kula. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Nina degu wawili wazima. Nataka kuacha kabisa chakula cha mchanganyiko wa mbegu na kuwalisha kiasili, yaani mboga mbichi. Nianze na zipi, na kiasi gani kwa siku?

JIBU: Kuacha mchanganyiko wa mbegu ni uamuzi mzuri na tunauunga mkono. Degu huchambua mbegu zenye mafuta na vipande vitamu, halafu anaacha vilivyobaki. Lakini kabla ya kufikia mboga, tazama asili yake. Degu ni mnyama wa Chile ya kati, kwenye vichaka na miteremko ya chini ya milima ya Andes, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi hukauka vibaya. Huko hula majani ya nyasi, magugu, majani na magome ya vichaka, na mbegu zikipatikana. Kwa sehemu kubwa ya mwaka chakula chake ni kikavu na kigumu, kina nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Bakuli lililojaa tango, karoti na pilipili hoho si mlo wa asili kwake, hata kama kila kipande kimechumwa asubuhi hiyo.

Kwa hiyo msingi ni nyasi kavu, ziwepo usiku na mchana bila kipimo. Nyasi ya timothi au mchanganyiko wa nyasi za malishoni ndiyo bora. Ziwe ndefu, za kijani, zenye harufu tamu, zisizo na vumbi wala ukungu. Kila siku weka fungu jipya kubwa kuliko mwili wa mnyama, na uondoe lililolowa mkojo. Lusani (alfalfa) ina protini na kalisi (kalsiamu) nyingi mno kwa degu mzima. Iachie wadogo wanaokua na majike wenye mimba au wanaonyonyesha.

Juu ya msingi huo, degu mmoja mwenye gramu 200 hadi 250 apate takriban gramu 8 hadi 10 za peleti (punje za chakula kilichoshindiliwa) za simbilisi au chinchila zisizo na molasi (hicho ni kama kijiko kimoja cha chakula), gramu 2 au 3 za majani makavu yaliyochanganywa, na gramu 5 hadi 10 za majani mabichi au mboga. Tumia mzani wa jikoni siku za mwanzo mpaka mkono uzoee, kwa sababu macho hukadiria zaidi. Gramu 10 za majani ya dhania ni rundo linaloshangaza watu wengi.

Usiondoe peleti siku unapoondoa mbegu. Punguza mbegu kidogo kidogo kwa wiki mbili huku ukiongeza peleti. Kuishi bila peleti kunawezekana kwa degu anayepata nyasi bora na aina nyingi za mimea, kumi au zaidi, zinazobadilishwa kufuatana na majira. Ukiwa na aina tatu au nne tu za mimea, bakisha peleti, maana vinginevyo madini na vitamini vitapungua bila wewe kuona dalili mapema.

Kuna sababu nyingine ya kushikilia nyasi, nayo ni meno. Degu ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote, ya mbele na magego. Nyasi kavu humlazimu asage kwa muda mrefu, na chembe ngumu za silika (madini kama ya mchanga) zilizomo hukwangua meno. Tango hutafunwa mara chache na kumezwa. Mnyama anayeshiba mboga hula nyasi kidogo, magego hurefuka na kutoa ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Utamwona anachagua vilaini, anadondosha chakula mdomoni, kidevu kimelowa mate, au jicho moja linatoa machozi. Hapo ni daktari wa wanyama mwenye vifaa vya kutazama magego, si kubadilisha mboga.

SWALI: Degu wangu anapenda karoti na zabibu kavu kuliko kitu chochote. Kipande kidogo kwa siku kitamdhuru kweli?

JIBU: Zabibu kavu, ndiyo. Acha leo.

Insulini ya degu ina muundo tofauti na ile ya mamalia wengi, na hufanya kazi kwa udhaifu. Sukari ikizidi kwenye damu, mwili wake haumudu kuishusha kama mwili wa panya au sungura. Tena ndani ya lenzi ya jicho lake kuna kimeng'enya chenye nguvu nyingi kinachogeuza glukosi kuwa sorbitoli. Sorbitoli huvuta maji, lenzi hufura na kupoteza uangavu. Ndiyo maana degu aliyepata kisukari anaweza kuwa na mtoto wa jicho ndani ya takriban wiki nne. Wafugaji wengi hugundua kisukari kwa kuona weupe katikati ya jicho, na wakati huo lenzi haitarudi kuwa angavu.

Linganisha sukari katika gramu 100 za kila chakula. Zabibu kavu zina karibu gramu 60. Ndizi ina 12, tufaha 10, kiazi sukari (bitiruti) karibu 7, karoti na pilipili hoho nyekundu kati ya 4 na 5. Pilipili hoho ya kijani ina kama 2.4, tango 1.7, seleri 1.3. Majani ya parsli na dhania hayafiki gramu 1. Mpangilio ni rahisi kuukumbuka: majani yako chini, matunda juu, na mizizi ipo katikati ikielekea juu.

Kwa karoti, mpe majani yake, ambayo degu huyapenda na watu huyatupa. Mzizi wenyewe uwe kipande chembamba kama sarafu, mara moja kwa wiki, kwa mnyama mwenye afya na uzito wa kawaida. Ukimwachisha kabisa hakosi kitu. Na karoti iliyokaushwa isikudanganye. Maji yametoka, sukari imebaki yote, kwa hiyo kipande kikavu kina sukari mara kadhaa kuliko kibichi cha uzito huo huo.

Kama degu anakunywa maji kuliko kawaida, analowesha sakafu ya kizimba haraka, na anakonda ingawa anakula, apimwe sukari bila kungoja jicho libadilike.

SWALI: Nilimpa letusi na tango kwa mara ya kwanza, majani mawili na vipande vitatu. Siku ya pili choo kikawa laini na tumbo limejaa. Je, degu hawawezi mboga mbichi?

JIBU: Wanaweza, ila si ghafla na si kwa wingi huo. Degu humeng'enya nyuzinyuzi kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi kwenye mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana. Vijidudu hivyo vimezoea chakula cha jana. Chakula kipya chenye maji na sukari kikimwagika humo, aina zinazotengeneza gesi huongezeka, na zile zinazosaga nyuzinyuzi hupungua. Tango ni maji kwa asilimia 95, na letusi inakaribia hapo, kwa hiyo ulianza na mboga ngumu zaidi kwa tumbo lisilozoea.

Sasa ondoa kila kibichi. Bakiza nyasi kavu na maji safi mpaka choo kirudi kuwa vipunje virefu, vigumu na vikavu, kisha ngoja siku tatu zaidi. Tumbo likiwa gumu kama ngoma, akajikunja na kukataa kula, au choo kikikoma, usingoje kesho: mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Utumbo wa degu ukisimama, huzorota kwa saa, si kwa siku.

Ukianza upya, anza na majani makavu kwa wiki moja, kwa sababu vijidudu vinapata mmea mpya bila mafuriko ya maji. Kisha lete jani bichi la aina moja, lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, baada ya degu kula nyasi zake. Kaa na aina hiyo siku tatu. Choo kikiwa sawa, zidisha mara mbili. Kikilainika, rudi nyuma. Aina ya pili isije kabla ya kwanza kutulia, la sivyo hutajua ipi ina kosa. Kufikia gramu 5 za mchanganyiko kunachukua wiki tatu au nne, na muda huo haupotei.

Ukimwona anainama na kula kinyesi chake, hasa usiku, usishtuke wala usimzuie. Ndivyo anavyorudisha mwilini protini na vitamini zilizotengenezwa na vijidudu.

SWALI: Ni majani gani ya viungo yanafaa, na je, naweza kukausha mwenyewe?

JIBU: Hapa ndipo tungependa wafugaji waweke juhudi zao, kuliko kwenye mboga za bakuli. Rehani, nanaa, dhania, parsli, oregano, taimi, zeri ya limau, kamomili na maua yake, plantago (gugu la majani mapana yenye mishipa inayokwenda sambamba), na dandelioni (gugu la ua la manjano) kuanzia jani hadi ua, yote yanafaa. Yenye harufu kali kama oregano, taimi na nanaa yawe kiungo tu, kama sehemu moja katika kumi ya mchanganyiko. Plantago, dandelioni na rehani ndiyo yanaweza kuwa wingi. Degu mwenye mimba asipewe parsli.

Chuma mahali ambapo hakuna dawa ya kuua wadudu au magugu, mbali na barabara yenye magari na mahali mbwa wanapojisaidia. Usimpe mmea usioujua kwa jina. Chuma umande ukishakauka, kabla ya jua kali, na mmea usiwe umeanza kukauka wenyewe. Osha ikiwa kuna vumbi, kung'uta, pangusa kwa kitambaa. Tandaza tabaka moja, majani yasilaliane, juu ya wavu au kitambaa kivulini penye hewa. Jua kali hula rangi, harufu na vitamini. Geuza kila siku. Yako tayari pale kikonyo kinapokatika kwa mlio badala ya kupinda. Wengi hukosea kwa kupima jani peke yake, kumbe kikonyo bado kina maji, na ndicho kinacholeta ukungu ndani ya mtungi. Weka kwanza kwenye mfuko wa karatasi kwa wiki mbili, halafu hamishia chombo kinachofunga. Ukikuta ukungu kwenye jani moja au harufu ya uvundo, tupa chombo chote.

Kumbuka hesabu ya maji: gramu 10 za majani mabichi hubaki gramu 1.5 hadi 2 yakikauka. Asiyejua hilo hupima gramu 10 za makavu akidhani ni sawasawa.

SWALI: Nimesoma kwamba kalisi huleta mawe kwenye kibofu. Je, niepuke majani yote ya kijani?

JIBU: Hapana. Degu anahitaji kalisi kuzidi fosforasi, karibu mbili kwa moja. Parsli, rehani na dandelioni ziko upande huo. Mbegu za alizeti na nafaka ziko kinyume kabisa, fosforasi ikizidi kalisi mara kadhaa, na huo ndio upungufu unaoharibu mifupa na meno. Tatizo la spinachi ni oksaleti, inayoshikamana na kalisi na kuweza kujenga mawe hayo. Parsli nayo inayo, kwa hiyo zungusha, usiipe kila siku. Spinachi iwe jani dogo mara chache, au isiwepo.

SWALI: Wanaficha mboga kwenye kiota na nazikuta zimeoza.

JIBU: Wape mchana ukiwepo, si usiku. Kata vipande vya kuliwa mara moja, na ukague kiota muda wa saa tatu ukishapita. Hazina ya majani makavu waachie, ilimradi iwe kavu.

SWALI: Vyakula vipi ni marufuku kabisa, na matawi yanaruhusiwa?

JIBU: Marufuku: vitunguu vya kila aina, parachichi na majani yake, rubabu (mmea uitwao rhubarb), viazi vibichi pamoja na majani ya viazi mviringo na ya nyanya, kunde na maharage makavu, mkate, maziwa, chokoleti. Kabichi na brokoli hazina sumu, ila gesi yake inamsumbua degu kwa kuwa hawezi kuicheua. Kipande cha jani la brokoli kinatosha, na kwa aliyewahi kuvimba tumbo kisiwepo. Karanga au mbegu moja mara moja kwa wiki ni zawadi ya mafunzo, si chakula.

Matawi mpe, tena kwa moyo mkunjufu. Ya mtufaha na mpea yanafaa, pamoja na gome na majani yake, ikiwa miti haijapuliziwa dawa. Unene wa kidole unamfaa kushika na kubandua gome. Usitumie misonobari wala miti yenye utomvu unaonata.

Na mpime uzito kila wiki, siku ile ile, kabla hajapewa mboga, uandike. Degu wa gramu 220 akipungua gramu 22, hiyo ni asilimia 10, na tayari kuna tatizo hata kama bado anarukaruka. Chukua daftari hilo uende nalo kwa daktari, pamoja na orodha ya kila alichokula wiki mbili zilizopita.