Nusu kwa nusu, au kwa haki? Barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Wajukuu wangu wasalimie sana.

Umeniuliza kuhusu rafiki yako wa kazini anayeachana na mumewe. Wakili kamwambia mali yao itagawanywa kwa namna iliyo "equitable", akasisitiza kwamba hiyo si lazima iwe nusu kwa nusu. Yeye amelisikia kama neno la kumpunja, nawe unataka kujua kama hofu yake ina msingi. Nimekaa mahakama ya mwanzo miaka mingi nikiwa mzee wa baraza, na mashauri ya aina hii nimeyasikiliza sana, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka.

Neno lenyewe halina ubaya. Maana yake ni mgawo unaompa kila mtu haki yake kwa kutazama alichokitia katika ndoa na hali anayobaki nayo. Ubaya unakuja pale mtu anapolitumia kama kifuniko, akamkatia mke kipande kidogo bila kueleza kakipimaje.

Soma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Mahakama inagawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi za pamoja. Inatazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Inatazama madeni waliyokopa kwa faida yao wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yao. Halafu sheria inasema jambo ambalo upande wa mume huwa haulitaji: ikishayapima hayo, mahakama ielemee kwenye usawa. Kwa hiyo hakuna aliyemwahidi nusu, lakini sheria imeelekea huko, na kwa maoni yangu anayetaka huyu mama apate robo ndiye anayepaswa kusema kwa nini.

Zamani wanawake waliokuwa nyumbani waliondoka mikono mitupu. Hata majaji walikuwa wamegawanyika: wapo waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, na wapo waliosema huo ni mchango. Mahakama ya Rufani ikaumaliza ubishi huo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba kazi ya nyumbani inahesabika. Kila mwanamke aliyepata chumba au shamba baada ya talaka kwa sababu ya jasho lake la jikoni ana deni kwa Bi Hawa.

Lakini wengi wanaomtaja hawajui kwamba yeye mwenyewe hakuambulia kitu. Mumewe alikuwa amempa shilingi 15,000 aanzishe biashara, ikaonekana amezitapanya, na rufaa yake ikatupwa. Hapo huwa naumia kila nikikumbuka. Wanaume wangapi wametapanya mishahara yao baa, na ni nani aliyewakatia hesabu siku ya kugawana? Kama kipimo ni mchango, basi na uharibifu wa mume nao upimwe, na rafiki yako asione haya kuusema mbele ya hakimu.

Kwenye mila ndipo ninapomwogopea zaidi. Watasimama wajomba waseme kwao mwanamke hagawiwi nyumba. Mila imetajwa, ni kweli, lakini ni jambo moja kati ya manne, na haifuti kazi ya mikono yake.

Umesema kiwanja mume alikuwa nacho kabla ya harusi, nyumba wakaijenga baadaye. Hilo lisimvunje moyo. Kifungu hicho hicho kinagusa pia mali ya mmoja wao ya kabla ya ndoa, iwapo imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Jina lililo kwenye hati halimalizi mjadala.

Atafute ushahidi sasa, mambo hayajachacha: risiti za saruji na mabati, ujumbe wa simu wa pesa alizomtumia fundi, jirani aliyemwona akibeba maji ya kufyatulia matofali. Mkopo wa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, aliopaulia nyumba autaje pia, maana kama ulikuwa wa faida ya wote, asibebeshwe peke yake. Wengi walishindwa mbele yetu wakiwa na haki yao, kwa kukosa hata karatasi moja.

Na kwanza waende baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa kawaida ombi la talaka halisikilizwi bila hati ya baraza kwamba suluhu imeshindikana.

Akishaandika orodha yake nitumie, niipitie kabla hajaipeleka kwa wakili.

Mama yako