Fumbo la Aliyeshuka Treni Mapema: Hesabu Dakika za Gari

Kila siku mtu fulani hushuka kituo cha treni saa kumi na moja kamili jioni. Dereva wake hutoka nyumbani kwa kipimo, akafika kituoni treni inaposimama, akampakia na kumrudisha. Siku moja anawahi treni ya mapema na kushuka saa kumi kamili. Hana namna ya kumjulisha dereva, basi anaanza kutembea kwa barabara ileile. Wanakutana njiani, anapanda, gari linageuzwa papo hapo, na wanafika nyumbani dakika 20 kabla ya saa ya kawaida. Alitembea dakika ngapi?

Jibu linalowajia wengi upesi ni 40: aliwahi dakika 60, toa 20. Si sahihi. Wengine huanza kuandika mwendo wa gari, mwendo wa miguu na umbali wa nyumba, wakijikuta na vitu vitatu wasivyovijua, kisha wakasema fumbo lina upungufu. Halina. Kosa ni kumfuata mtembeaji, ambaye hatujui lolote kuhusu kasi yake. Mwache. Fuata gari.

Gari lilitoka nyumbani saa yake ya kila siku, maana dereva hakuwa na habari. Lilirudi dakika 20 mapema. Liliziokoa wapi? Kwenye kipande cha barabara kati ya mahali walipokutana na kituo, ambacho siku hiyo halikukipita kwenda wala kurudi. Kwa kuwa mwendo ni uleule, dakika 10 ni za kwenda na 10 za kurudi. Kwa hiyo walipokutana gari lilikuwa limebakiza dakika 10 kufika kituoni, na kituoni hufika saa kumi na moja. Saa ikasoma saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kutoka saa kumi kamili hadi hapo ni dakika 50.

Ukipata jibu, lijaribu kwa namba za kubuni. Tuseme gari huenda kilomita 30 kwa saa na nyumba iko kilomita 15, yaani dakika 30. Dereva anatoka saa kumi na nusu. Baada ya dakika 20 amekwenda kilomita 10. Zimebaki 5, nazo ndizo alizotembea mwenzake kwa dakika 50, sawa na kilomita 6 kwa saa. Ni mwendo wa haraka, lakini wa miguu. Sasa weka gari la kilomita 60 kwa saa: mtembeaji atalazimika kwenda kilomita 12 kwa saa, na huko ni kukimbia! Fumbo limefunga uwiano kimyakimya: gari lazima liwe na kasi mara tano ya mtembeaji, kwa sababu kipande cha dakika 50 kwa miguu ni cha dakika 10 kwa gari.

Jambo hili ni muhimu sana unapotunga fumbo lako. Kanuni ni hii: muda wa kutembea ni dakika alizowahi kituoni, ukitoa nusu ya dakika walizowahi nyumbani. Ukitaka gari la kilomita 60 na mtu wa kilomita 5 kwa saa, mshushe dakika 65 mapema na mfikishe nyumbani dakika 10 mapema. Atatembea dakika 60, kilomita 5 kamili, na gari litaepuka kilomita hizohizo 5 kila upande.

Usisahau kutaja kwamba dereva hakuarifiwa, njia ni moja, mwendo haubadiliki na kugeuza hakuchukui muda. Kigezo kimoja kikikosekana, msomaji makini ana haki ya kulikataa jibu lako. Nyumba nayo iwe mbali ya kutosha. Katika fumbo letu la kwanza, kama ingekuwa mwendo wa dakika 8 kwa gari, mtembeaji angefika baada ya dakika 40, saa kumi na dakika arobaini, na kumkuta dereva hajatoka bado.

Tabia ya kufuata dakika badala ya kasi husaidia pia kwenye mtego huu: umekwenda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, urudi kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 60? Wengi husema 90. Hesabu muda: kilomita 120 kwa wastani wa 60 ni saa mbili, na saa mbili zote zimeishia kwenye kwenda. Hakuna hata sekunde iliyobaki ya kurudi.