Skrini ilituweka mlimani

Juni 2025, Israeli na Iran zikirushiana makombora, nikiwa chifu, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha, nilishika zamu ya saa kumi alfajiri tukitoka Ghuba ya Uajemi kupitia mlango-bahari wa Hormuz. Ghafla skrini ya ramani, inayopata mahali tulipo kwa GPS, ikatuonyesha nchi kavu, tena tunakwenda kasi ya noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Meli yetu ile, hata ikisukumwa na jini, haifiki 15.

"Chifu, tumepanda mlima?" akauliza mshika usukani, kijana wa Lamu.

Vijana mnaoanza ubaharia, jambo la kwanza hapo ni kuacha kubishana na skrini. Nilipima kwa rada umbali wa ras ya Musandam na upande iliko, nikaweka alama kwa penseli kwenye chati ya karatasi, nikalinganisha na kina cha maji. Kila dakika kumi nikarudia. Na msiamini zile meli nyingine zinazoonekana kwenye AIS, mtambo wa redio ambao meli hutumia kujitambulisha, maana nazo hutangaza mahali zilipo kwa GPS ileile iliyovurugwa. Chukueni darubini, tokeni nje mkatazame taa zao.

GPS hutegemea setilaiti, na wengi hudhani vita vya angani ni kutunguana setilaiti. Hilo limejaribiwa: China ililipua setilaiti yake mwaka 2007, Urusi ikafanya hivyo 2021, na wanaanga waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa wakalazimika kujificha ndani ya vyombo vyao wakihofia vipande. Mkataba wa 1967 unakataza silaha za nyuklia kwenye mzingo wa dunia, lakini haukuwazuia hao. Tatizo ni kwamba vipande havichagui setilaiti ya adui wala ya mwenye kombora.

Kuvuruga mawimbi ya setilaiti ni rahisi zaidi. Setilaiti za GPS, ambazo zinaendeshwa na jeshi la Marekani, ziko juu kilomita 20,200 hivi. Mawimbi yake hufika chini yakiwa hoi, na mtambo mmoja wa redio ufukweni unatosha kuyafunika. Au kuyaigiza, jambo baya zaidi, maana hapo chombo hakilii king'ora. Mwaka 2017 kwenye Bahari Nyeusi, meli zilijikuta kwenye ramani ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik, Urusi.

Kwetu, baada ya saa moja na nusu meli iliruka kutoka mlimani ikarudi majini. Kijana wa Lamu akapiga makofi. Mimi penseli sikuiweka chini mpaka bandari ya Fujairah.