Seva inakopi faili kama kobe

SWALI: Mambo vipi fundi, nina seva ya FreeBSD (mfumo endeshi) ofisini, kadi yake ya mtandao inaitwa em0, ping inajibu freshi kabisa lakini nikikopi faili kubwa inatambaa, waya nimebadilisha mara mbili. Jamaa alinishauri niilazimishe 100baseTX full-duplex (spidi ya megabiti 100, kutuma na kupokea kwa pamoja) kwenye rc.conf, faili la mipangilio, nikafanya hivyo, sasa shida iko wapi?

JIBU: Poa ndugu yangu, pole sana, shida iko hapohapo kwenye kulazimisha. Ukiifunga kadi hivyo inaacha kujadiliana na swichi, na swichi kama bado iko auto (inajichagulia yenyewe) itagundua spidi ni 100 ila duplex haiwezi kuijua, kwa hiyo inaangukia half (kutuma na kupokea kwa zamu), basi kadi inatuma na kupokea kwa pamoja, swichi inasubiri zamu, data ikiwa nyingi wanagongana tu, ping ni kitu kidogo ndo maana inapenya. Andika netstat -i uangalie Ierrs (hesabu ya makosa ya kupokea), ikipanda kila ukikopi ujue ndo yenyewe.

Fungua /etc/rc.conf, kwenye ifconfig_em0 toa media na mediaopt pamoja na thamani zake, IP iache. Halafu piga ifconfig em0 media autoselect, inabadilika palepale bila kuzima mashine, ila kama umeingia kwa ssh (kutoka mashine nyingine) linki itakatika sekunde chache usishtuke. Ukiandika ifconfig em0 utaona wamekubaliana nini.

Na kama swichi ni ya giga acha auto kabisa, 1000baseT (hiyo spidi ya giga) yenyewe inataka majadiliano. Ukilazimika kufunga 100, funga pande zote mbili.